Wimbo Nilioufukia katika Pamba

Siku moja nikumbukayo kuliko zote, mwanangu, ina harufu ya pamba iliyopigwa na jua, na ndani yake mna sauti ndogo ya chuma. Nikifumba macho inakuja yenyewe. Kaa karibu. Mzee hana haraka, lakini hapotei njiani, na akipotea atasingizia magoti.

Niliolewa wakati wa Wabelgiji. Nilitoka kwetu upande wa Wamaza, nikaletwa kwa mume wangu Pauli katika kijiji kimoja karibu na Kasongo. Tulilala njiani, miguu ikavimba, nikalia kama bibi-arusi anavyopaswa kulia, na kidogo zaidi. Enzi zile kila nyumba ilikuwa na shamba la pamba, upende usipende. Muniteri, yaani msimamizi wa kilimo aliyetumwa na Wazungu, alipita akikagua mistari, na ole wako akikuta magugu. Mpunga na muhogo tulilima kwa ajili ya tumbo. Pamba tulilima ili tuachwe na amani.

Pauli alikuwa mpole, maneno yake machache. Tukishatoka shambani, jua likiwa bado limo mitini, alichukua likembe yake, kile kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Ndimi zile alizitengeneza mwenyewe kutoka vyuma vya mwavuli uliovunjika. Alipiga nyimbo za kuchekesha, wapita njia wakatikisa mabega. Lakini mwisho, kila siku, alipiga mmoja usio na maneno. Ulikwenda polepole, ukapanda kidogo, ukasita, kisha ukashuka, kama mtu anayetafuta kitu nyumbani mwake bila haraka. Moshi wa jiko ulielea, wali ukaiva, nami nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi, sijui niko wapi. Ulikuwa wimbo mzuri, na uzuri wake ndio ulioniudhi, maana macho ya Pauli saa ile hayakuwa pale nyumbani.

Nilimwuliza mara moja tu.

"Ile wimbo ni ya nani?"

"Ni ya zamani," akasema, akaiweka likembe chini, akaomba maji ya kunawa.

Baadaye, mtoni, nikasikia mwanamke akimwambia mwenzake kwamba Pauli bado anapiga wimbo wa Eliza. Waliponiona walinyamaza ghafla, wakajifanya wanasugua sufuria. Basi huyo Eliza nikampa sura, nikampa miguu mizuri, nikamjengea nyumba ng'ambo ya mto Lualaba, nikamchukia kwa bidii kuliko nilivyopalilia pamba. Kuuliza si ujinga, hilo nililijua tangu utoto. Lakini niliona nikiuliza mara ya pili nimeshindwa, na ujana haupendi kushindwa hata na mtu usiyemjua.

Asubuhi ya soko la pamba, Pauli alipokwenda kuoga, niliichukua likembe nikaifukia katikati ya kitunga chake, nikatia pamba juu, nikashindilia. Nilijua pamba inapakiwa kwenye kamyo, yaani lori, na kwenda kiwandani, mbali, na haijapata kurudi. Nikasema moyoni, Eliza naye asafiri. Pauli akajitwika kitunga kichwani, nami nikamfuata nyuma na changu, moyo mwepesi.

Kwetu kazi ya sokoni ilikuwa ya baba, kwa hiyo sikujua jambo ambalo kila mtoto wa Kasongo alilijua. Kabla ya kupima, muniteri alikuwa akichoma kijiti kirefu ndani ya kila kitunga, maana wako watu waliotia mawe ili mizani ishuke. Zamu ya Pauli ikafika. Kijiti kikaingia, na kutoka ndani ya pamba ikatoka sauti, ting, halafu nyingine chini yake. Watu wakacheka. Muniteri akazamisha mkono, akaitoa likembe ikiwa imevaa nyuzi nyeupe.

Mzungu aliyekuwa akinunua hakucheka.

"Nani alitia hii kitu mu pamba?"

Pauli aliitazama likembe. Kisha akanitazama mimi, mara moja, bila hasira.

"Ni miye, Bwana."

Wakamlaza chini mbele ya watu wote, wakampiga kwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Likembe ikakanyagwa kwa kiatu. Na mimi, mwanangu, nilikuwa na mdomo, nao haukufunguka. Niliogopa. Wivu wangu unaweza kuuita ujinga wa ujana. Ukimya ule sijaupatia jina mpaka leo.

Nyumbani, mama mkwe alimpaka mawese mgongoni, mimi nimeshika bakuli. Pauli aliposinzia, mama akanivuta nyuma ya nyumba. Hakuhitaji kuambiwa.

"Eliza alikuwa bibi yake ya kwanza," akasema. "Alikufa na mutoto mu tumbo, mbele ya weye kuja. Ile sauti alikuwa anaitoa mu pua, saa ya kuchuma pamba. Pauli hana kitu ingine yake, hata kitambaa."

"Mama, mbona hamukuniambia?"

"Miye njo nilikataza watu. Niliona bibi-arusi asikaribishwe na kilio. Nilikosa, mwanangu. Lakini nawe ulikuwa na mdomo ya kuuliza." Akalipokea bakuli mkononi mwangu. "Na sikia. Mutu mwenye kukumbuka marehemu yake vile, nawe hatakusahau."

Nililia, safari hii si kama bibi-arusi. Nilikuwa nimemwonea wivu maiti, na nikamfukia mara ya pili.

Siku chache baadaye, tukiwa shambani, nilimweleza Pauli yote.

"Nilijua," akasema. "Tangu ilipolia."

"Sasa juu ya nini ulikubali?"

"Wangekupiga weye."

Akaendelea kuchuma. Hasira hasara, wanasema, lakini mimi nilikuwa na hasira na hasara akaibeba yeye.

Jioni zilikuwa kimya kwa majuma mengi. Hatimaye akachonga likembe mpya, akatafuta vyuma vingine. Nyimbo za kuchekesha zikarudi, watu wakarudi na mabega yao. Lakini ule mmoja haukurudi. Ulipanda kidogo, vidole vikakwama. Akajaribu tena na tena. Jioni moja akaiweka likembe mapajani, macho yamejaa maji.

"Imepotea," akasema. "Vidole njo vilikuwa vinaijua. Miye sikuiimba hata siku moja."

Mwanangu, niliuchukia wimbo ule jioni baada ya jioni, na adui hukutazama vizuri kuliko rafiki. Niliujua wote. Nilikuwa nimeinama juu ya jiko, nikaanza kuutoa puani, kwa aibu, bila kumgeukia: pale unapopanda, pale unaposita, pale unaposhuka. Nyuma yangu chuma kikaanza kunifuata. Kikakosea.

"Hapana," nikamwambia, "hapo anapumzika kwanza."

Nilisikia mwenyewe nilivyosema. Anapumzika, si unapumzika. Pauli naye alisikia. Tulilia wote wawili bila kujificha, na wali ukaungua, tukaula hivyohivyo.

Sasa Pauli amelala karibu na Eliza, nami nimebaki na wimbo. Nikiutoa puani siku hizi namwona yeye, mgongo wake ukiwa mzima, na pembeni yake mwanamke ambaye macho yangu hayakumwona kamwe, anachuma pamba taratibu. Simwonei wivu. Namsalimia.

Basi shika hili. Mtu unayempenda hakuanza siku uliyomkuta; alikuja na nyimbo zake, na nyingine ni za makaburini. Usizing'oe. Uliza, na ukijibiwa kwa ufupi, ngoja, kisha uliza tena kwa upole. Na ukikosa, sema ungali na nafasi, kabla mgongo wa mwingine haujalipa. Nenda, mwanangu. Mungu akupe nyumba ambamo hata waliotangulia wana mahali pa kukaa, na siku utakapoondoka, akubakizie mtu anayejua wimbo wako mpaka pale unaposita.