Siku Nilipomsema Baba Mkwe Hewani

Chekeni tu, hata mke wangu siku hizi anacheka, ila mimi nikikumbuka nasikia uso unawaka moto na kule kijijini kwetu Ulemo kuna njia sipiti mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Rafiki yangu Mkumbo alipangiwa kijiji cha chini ya mlima, upande wa Sekenke, na huko kwenye machimbo yaliyofungwa akapata simu mbili za upepo, zile redio za kuzungumzia, kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, akaniletea moja. Kwamba inatakiwa leseni tulijua (tulijua kabisa, nisiwadanganye), lakini Mkumbo akasema, "Nani atatuona? Sauti haina nyayo." Basi nikafunga waya kutoka kwenye paa mpaka kwenye mti, nikaunganisha betri ya trekta bovu, na kila jioni tukawa tunapiga soga, yeye kule, mimi huku, najiona waziri.

Siku hiyo mikwaruzo ilizidi. Badala ya kuacha mpaka kesho, nikasogeza kitufe cha masafa kidogo, kidogo tu jamani, sauti ikatakata.

"Baba mkwe anaendeleaje? Ova," akauliza Mkumbo, na ova maana yake zamu yako.

Mzee Msengi, baba wa mke wangu, alikuwa haendi shamba la kijiji, analalamika kifua. Nami kwa kutaka kumchekesha mwenzangu nikajibu, "Huyo anaumwa jembe! Asubuhi kifua kinabana, jioni kwenye pombe ya mtama kinaachia! Ova." Kisha nikamwigiza anavyokohoa.

Nikasikia watu wanaangua kicheko huko nje. Mara mke wangu akaingia mbio, khanga imemponyoka begani. "Baba Elia, nyamaza! Unasikika kwenye redio ya ofisini!"

Kumbe watu walikuwa wamekusanyika ofisi ya kijiji kusubiri taarifa ya habari, redio imewekwa dirishani, na kwa kile kitufe nilichosogeza, badala ya habari nikatoka mimi. Na mzee mwenyewe alikuwa kwenye benchi la mbele, kando ya mwenyekiti.

Nilikimbilia pale, sijui hata nilitaka kusema nini. "Shikamoo, baba."

Aliinuka, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akaelekea shambani, mimi nyuma namsihi, umati nyuma yangu, sasa hakuna anayecheka. Akalima kidogo, akasimama, akalima tena, halafu akakaa chini taratibu, ameshika kifua, midomo imekuwa ya kijivu.

Tulimbeba kitandani mpaka hospitali ya Kiomboi, mabegani. Alipona, lakini mganga alisema moyo ulikuwa mgonjwa kweli, na jembe hakushika tena.

Simu ya upepo ilichukuliwa na serikali, nami nikaonywa kwamba nikirudia nitafungwa. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni siku niliyopeleka mbuzi kuomba radhi. Mzee alimpokea, akasema, "Wewe nimekusamehe, mwanangu. Waliocheka ndio sijui niwasamehe vipi, ni wengi."



Tangu hapo nikiwa na neno juu ya mtu namfuata mwenyewe kwa miguu, hata kama ni mbali, na mara nyingi nikifika mlangoni kwake nakuta neno lenyewe limeshaniishia njiani.