Mkate wa Kumtafuta Mwizi

Mkate wa juzi una harufu yake: unga uliochacha kidogo, mbao za kabati, vumbi. Nikiinusa hata leo natafuta maji kwanza. Nyumbani kwa Bibi, Muyinga, mkate wa namna hiyo haukutupiwa kuku. Uliwekwa kwa ajili ya siku ambayo kitu kingepotea.

Nilikuwa na miaka tisa kiangazi kile bangili ya fedha ya Bibi ilipopotea. Tuliishi naye watatu: mimi, baba mdogo aliyeshona nguo barazani, na binamu yangu Zawadi, aliyeletwa kutoka Bukirasazi ili asome. Baada ya sala ya adhuhuri Bibi alituketisha mkekani, akausomea mkate dua, akaukata. Kila mmoja alipaswa kumeza kipande chake bila maji. Mwizi angekabwa, na angeondoka siku hiyo hiyo. Baba mdogo alimeza huku akitania kwamba hata mchuzi hatupewi. Mimi nilimeza upesi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinitazama. Zawadi walimkazia macho kabla hajafungua mdomo. Alitafuna, akatafuna tena, mishipa ya shingo ikamsimama, kisha kikohozi kikatawanya makombo mkekani.

"Bibi, mi sikuichukua," alisema.

Niliomba apewe maji ajaribu tena. Bibi alinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha: "Nyamaza, mjukuu wangu. Mkate umeshasema." Jioni Zawadi alikuwa ndani ya basi, sare yake ya shule imefungwa kwenye furushi. Bangili haikuonekana kamwe.

Miaka mingi baadaye, nikisoma Kiingereza chuoni Gitega, nilikutana na neno corsned katika kamusi. Limetokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale, moja likimaanisha jaribio, jingine kipande kilichokatwa. Padri alibariki mkate au jibini, mshukiwa akala. Akikabwa, ana hatia. Wenzangu darasani walicheka. Mimi nilikuwa nikijiuliza nani hukaukwa na mate: aliyeiba, au anayejua kwamba ameshahukumiwa? Waingereza waliacha desturi hiyo zamani, likabaki neno. Sisi pia tumeacha, nadhani, ingawa hapa mtaani kwetu Yoba simu ikipotea anayetazamwa kwanza ni msichana wa kazi, na akigugumiza watu wanasema, si unaona.

Zawadi sasa anauza mboga sokoni Gitega. Mwezi uliopita nilimweleza habari za neno hilo, nikifurahi kama mtu aliyeleta ushahidi wa kumsafisha jina. Alinisikiliza huku akifunga mafungu ya lengalenga.

"Na hao waliokabwa," aliuliza, "watu walipojua ni uongo, waliwarudisha shule?"

Nilimwambia kamusi haisemi. Akamgeukia mteja.