Siku Nilipoihamishia Redio Kwenye Kiini

Jamani, hii aibu ikinijia nikiwa peke yangu nafunika uso, ingawa nikiisimulia nyie huwa mnacheka.

Ilikuwa miaka ya tisini, ofisi ya mradi wa afya Karagwe, mimi ndiye fundi wa kompyuta (fundi pekee, kwa hiyo hakuna wa kunibishia), na ujumbe kati yetu na Bukoba ulipita kwa redio iliyounganishwa na kompyuta. Kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiongoza hiyo redio, kilikaa nje ya kiini cha mfumo (ule moyo unaoendesha kompyuta nzima) kama programu nyingine yoyote: polepole, lakini kikianguka kinaanguka peke yake, unakiwasha tena, basi. Siku hiyo wakubwa wa Bukoba wanakuja kukagua, nikaona niwaonyeshe ufundi, nikakihamishia ndani ya kiini ili kiende kasi.

Mama Koku wa Igurwa alikuwa benchi tangu asubuhi. Mumewe amelazwa Bukoba, na bila neno la daktari hakutaka kuacha watoto. Likija, ataondoka na gari la wakubwa.

"Shikamoo mama, usiwe na wasiwasi, leo mtambo unaruka!" Loo, mdomo huu!

Wakubwa wamenizunguka, ujumbe unaanza kuingia, redio ikakoroma kidogo tu, kiendeshi kikaanguka, na kwa kuwa kilikuwa ndani ya kiini kikaangusha kompyuta nzima, skrini imejaa tarakimu, kibodi haijibu. "Ni kawaida," nikasema, jasho linanitoka. Nikazima, nikawasha, ikaanza kukagua diski (diski za enzi zile!), nje dereva anapiga honi, mkubwa mmoja akasema, "Kijana, sisi tuna safari." Ningewaomba wamsubiri mama, lakini aibu ilinifunga mdomo. Wakaenda.

Mashine ilipoamka, Bukoba wakautuma ujumbe upya: Mama Koku aje leo, mgonjwa anamwita.

Nikamsomea. Hakulia, aliuliza tu, "Gari jingine lini?" Kesho. Alipofika, mumewe walikuwa wameshamfunika shuka.

Kiendeshi nilikirudisha nje jioni ile ile, na sijahamisha tena kitu kwenye kiini ili nisifiwe.

Baada ya matanga alirudi ofisini, nikajua amekuja kunisema, na nilistahili. Kumbe ameniletea kahawa ya kutafuna, shukrani ya kumsomea. Akakaa. "Mwanangu, nisomee tena pale aliponiita."

Nikamsomea. Kwa nini gari lilimwacha, sikumwambia.