Glasi kwenye Dirisha la Mama

Kutoka kanisa la kigango chetu, upande wa Kalamba, hadi nyumbani kwa mama ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na katika nusu saa hiyo simsalimu mtu. Kikasha cha Ekaristi hukaa kifuani, ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa unaoning'inia shingoni, na anayekibeba hutakiwa kwenda moja kwa moja bila maongezi, kwa kuwa hatembei peke yake. Wakatoliki wachache wa njia hiyo wakiuona uzi shingoni mwangu huvua kofia na kunipisha. Wengine, ambao ndio wengi, humwona tu mwalimu mstaafu akipita milangoni mwa watu kimya, na kwetu kupita hivyo ni dharau.

"Mwalimu siku hizi ametushinda," muuza nyanya mmoja alimwambia mwenzake, kwa sauti niliyokusudiwa kuisikia. "Anatembea kama amebeba mayai."

Hakukosea sana.

Mama alipigwa na kiharusi mvua ndefu zilipokuwa zikikatika. Upande wa kulia ulilala na maneno yakawa mazito, ila akili ilibaki palepale ilipokuwa. Aliyemtunza ni shemeji yangu, mke wa ndugu yangu mdogo anayefanya kazi Kiboko: mwanamke wa kanisa la kiinjili la pale sokoni, asiyenificha kwamba haelewi ibada zetu. Yeye alimwogesha Mwaitu, kama tunavyomwita mama kwetu, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Mimi, niliyeteuliwa na paroko kuwa mhudumu wa Ekaristi, nilimletea komunyo kila Jumapili.

Jumapili tatu aliimeza. Ya nne alijibu "Amina", akafunga mdomo, kisha kikohozi kikamjia kwa nguvu, na hostia, kile kimkate chembamba, ikaangukia kwenye leso aliyojifunika, nzima, imelowa.

Kanuni ya jambo hilo naijua. Hostia isiyoweza kumezwa huwekwa katika maji mpaka iyeyuke kabisa. Imani yetu ni kwamba Kristo yumo maadamu umbo la mkate limo. Umbo likiisha, maji yale humwagwa ardhini, mahali pasipokanyagwa na mtu. Niliiokota kwa vidole, nikaitia katika glasi ya maji, nikaifunika kwa kisahani na kuiweka kwenye dirisha. Niliikagua leso uzi kwa uzi. Kisha nikapanda mlima mdogo nyuma ya nyumba, kunakopatikana mtandao, nimpigie padre simu. Sikumwambia mtu yeyote neno lolote kuhusu glasi ile. Katika kushika kila kipengele cha kanuni, nilimsahau shemeji, mwenye kuitunza nyumba.

Padre hakupatikana. Niliporudi, robo saa baadaye, glasi ilikuwa imeoshwa na kuinamishwa kwenye kichanja cha vyombo, ikidondosha maji.

"Shemeji, glasi iliyokuwa dirishani?"

"Nimeosha."

"Na maji?"

"Hiyo maji nimemwagia mchungwa." Alinitazama usoni, akaacha kusugua sufuria. "Ilikuwa na kitu kama uji chini. Nikafikiri Mwaitu ametema. Kwani ilikuwa dawa?"

Nilipaswa kulitarajia. Kwetu maji huchimbwa kwenye mchanga wa mto na kupandishwa kwa punda, na hakuna tone linaloachwa lisimame bure. Ya kunawa huoshea vyombo, ya vyombo hupewa mche. Hakuna mwanamke wa Makueni ambaye angeyaona maji yamelala dirishani asiyape kazi.

Nilimweleza. Alisikiliza, mikono ikiwa na povu.

"Kwa hivyo huyo Bwana wenu alikuwa kwa glasi," alisema taratibu, bila dhihaka, "na ukaniachia mimi nyumba bila kuniambia. Ningeilinda kama ninavyomlinda mgonjwa."

Nilitoka nje. Nilipiga magoti kwenye mchungwa, mche wa kimo cha goti langu, nikatafuta chembe nyeupe katika udongo uliokwisha kunywa kila kitu. Je, robo saa ilitosha? Uji ule aliouona bado ulikuwa na umbo la mkate, au haukuwa nalo? Niliuzungushia mche matawi ya miiba ili pasikanyagwe, nikayapanga upya, kisha nikayapanga tena.

Jioni padre alipiga. "Mchungwa usikutoe usingizi, mwalimu," alisema. "Mama je? Jumapili ijayo mpe kipande kidogo kabisa, na maji kwa kijiko. Chembe ni Kristo mzima kama hostia nzima." Hilo nalo nililijua tangu seminari ndogo. Lakini wiki ile yote nilikuwa nikiiona leso iliyolowa, na kufikia Jumamosi nilikuwa nimeamua kwamba heshima kubwa zaidi ni kutomletea kabisa. Niliuita uamuzi huo uchaji. Nadhani ulikuwa woga.

Jumapili nilimsalimu kila mtu njiani. Hata muuza nyanya nilimjulia hali, akashangaa.

Mama alikuwa ameketishwa, amefungwa kitambaa safi kichwani. Shemeji alinipokea mlangoni akilalamika. "Amekataa uji tangu asubuhi. Anasema siku ya kupokea mtu hali kitu. Mwambie wewe, mimi hanisikii."

Wagonjwa wamesamehewa mfungo, na nilikwisha kumwambia hivyo mara nyingi. Lakini katekisimu aliyofundishwa akiwa msichana mdogo ilikuwa na sheria zake, naye hakuwa tayari kuzibadilisha kwa ajili yangu. Alinitazama usoni, halafu shingoni, mahali pasipokuwa na uzi.

"Mwana wakwa," alisema, akivuta kila neno. "Nimekosa nini?"

Niliomba anisubiri. Sijui nilisema nini kingine. Nilirudi kanisani kwa hatua zisizofaa umri wangu, nikamkuta katekista akifunga mlango, nikamwomba ufunguo wa tabernakulo, kisanduku kinachotunza Ekaristi. Nikarudi kimya, jua likiwa utosini, uzi ukinikata shingo.

Nilitandaza kitambaa cheupe juu ya meza ndogo. Nilimega kipande kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Mama aliinua uso na kufungua mdomo.

"Ngoja," alisema. "Usimpe akiangalia juu hivyo. Ndiyo maana alikohoa." Alikaa kitandani, akauegemeza mgongo wa mama kifuani pake, akakiinamisha kichwa chake kwa kiganja. "Kidevu chini, Mwaitu. Kama tunavyofanya na uji. Sasa mpe upande wa kushoto, huko ndiko kunafanya kazi."

"Mwili wa Kristo."

"Amina."

Niliweka kipande upande wa kushoto, kisha kijiko cha maji. Shemeji aliweka vidole viwili kooni mwa mama, nasi tukangoja. Kuku waliparua uani. Sikuomba, nilihesabu pumzi zake. Koo lilipanda, likasita.

"Imeshuka," alisema shemeji.

Mama alifumba macho. Hakukohoa. Niliendelea kuitazama leso.

Sehemu iliyobaki ya hostia niliila mwenyewe. Nilisuuza kijiko na vidole ndani ya glasi, na kabla sijasema neno shemeji alikuwa ameunyosha mkono, kisha akaurudisha.

"Na hii," aliuliza, "leo inaenda wapi?"

"Hii nainywa mimi. Tena hapahapa, mbele yako."

Niliinua glasi. Alinikazia macho vilevile alivyomkazia mama.

"Kidevu chini, mwalimu," alisema.