Kalsiamu Isiyopungua

Shemeji yangu alipofariki aliacha nyumba ya mtaa wa Kakoba, duka la vitenge, na tangi la kioo lenye maji ya chumvi ambamo alifuga matumbawe. Sisi ni watu wa Kivu ya Kusini. Tulikulia kando ya ziwa, na bahari yeye aliiona ukubwani, katika safari zake za biashara Mombasa. Tangu hapo alichanganya chumvi maalumu na maji ya mvua, akajitengenezea bahari yake sebuleni. Mkewe, dada yangu mkubwa ninayemwita yaya, alizoea kumtania kwamba ameoa mke wa pili, tena asiyekula ugali.

Kwetu, jembe la marehemu haliguswi mpaka matanga yaondolewe. Dada yangu aliishika desturi hiyo kwa ukamilifu, na kwa kuwa jembe la mumewe lilikuwa vichupa vyake vya kupimia maji na poda za kuyaongezea, hakumruhusu mtu kuvigusa. Taa ziliwaka na pampu zilizungusha maji kama kawaida, lakini matumbawe, ambayo hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti ya majini, yaliendelea kujenga bila kuongezewa chochote. Matanga yalipoondolewa, alitaka kufidia siku zote hizo kwa mara moja. Akamimina kloridi ya kalsiamu na bikaboneti ya soda kwa pamoja. Maji yakawa kama maziwa. Kwa hofu akazidisha bikaboneti, kwani ndiyo aliyomwona mumewe akiitumia mara nyingi.

Shule zilipofungwa nilikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ninakofundisha kemia. Nilipima maji kwa vichupa vya marehemu. Ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ulikuwa juu mno. Kalsiamu ilikuwa chini mno. Viwili hivyo vikikutana kwa wingi hushikana na kuwa chokaa, na chokaa hiyo ilikuwa imeganda kwenye kioo na ndani ya pampu. Ncha za matumbawe zilikuwa zimebabuka.

Nilimweleza kwamba haraka ndiyo iliyotuumiza, na kwamba tungerudi polepole.

“Fanya vile unajua, mudogo wangu,” alisema. “Lakini isikufe. Ni kitu yake moja tu yenye ingali inapumua.”

Tuliacha bikaboneti kabisa. Tulisugua pampu kwa siki, tukabadilisha sehemu ya maji kila baada ya siku chache, na kloridi ya kalsiamu tukaidondosha kidogo kidogo mahali penye mkondo. Jirani mmoja, mke wa askari wa kambi ya Makenke, alipita akatukuta tunakoroga ndoo. “Chumvi yote hii,” akauliza, “na supu iko wapi?” Dada yangu alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Ualkali ulishuka, kalsiamu ikapanda, hatimaye vyote vikafika pale shemeji alipopenda viwe. Nikaacha kuongeza chochote ili nione matumbawe yatatumia kiasi gani. Nilipopima tena, kipimo kilikuwa kilekile. Siku zilizofuata, kilekile. Dada yangu alianza kumshukuru Mungu kwamba maji yametulia. Mimi nilirudia kupima alipokuwa dukani, nikiomba kalsiamu ipungue hata chembe. Haikupungua.

Jioni moja alinikuta nimekaa mbele ya tangi na kichupa mkononi, akauliza kama kuna kilichoharibika.

“Maji ni mazima, yaya,” nilimwambia. “Kalsiamu haipungui kwa sababu hakuna anayeila.”

Alisogea hadi kwenye kioo, akatazama matawi ya matumbawe, meupe kama mifupa.

“Kumbe tulikuwa tunapakulia mutu mwenye alishaenda,” alisema.

Kisha akazima taa ya tangi kwa mkono wake mwenyewe. Pampu iliendelea kuzungusha maji gizani. Si yeye si mimi aliyekwenda kuizima.