Pinde Tatu na Barabara ya Kipushi

Upinde wa zamani ulivunjika mwezi wa saba, katikati ya mazoezi, na mlio wake ulikuwa mkali hata wapiga tarumbeta wakainamisha vichwa. Shefu wetu wa orkestra alisimama mbele na kijiti chake hewani, akauliza:

"Nani anapiga bunduki humu ndani?"

"Ni mie, Shefu. Ni arshe."

Arshe ndilo jina tulilotumia kwa upinde wa kupigia kontrebasi, ile fidla kubwa kuliko mwanaume mzima, ambayo mtu huicheza akiwa amesimama. Kichwa cha upinde kilikuwa kimekatika. Kilining'inia kwenye singa za mkia wa farasi kama kuku aliyechinjwa vibaya. Wenzangu walinipa pole, mmoja mmoja, nami nikazipokea na uso wa msiba. Lakini nikisema haki, ndani ya kifua changu kulikuwa na sherehe.

Nitaeleza sababu, ingawa sijui kueleza vizuri. Shule yangu iliishia kwa mapadri kabla sijamaliza darasa za chini, na ninachoandika hapa ninakiandika kama ninavyopima misumari: natia, natoa, naangalia tena sindano ya mizani.

Nilifanya kazi magazini, pale kampani ya shaba inapoweka bolti, nati, misumari na mikanda ya mashine. Mke wangu alikuwa mkunga. Kampani ilikuwa imempeleka kwenye hospitali yake ya Kipushi, akaenda na mapasa wetu, wa kike na wa kiume, waliokuwa wakianza tu kusema. Mie nikabaki Lubumbashi. Kipushi si mbali. Ukipanda kamio, lori la abiria, asubuhi, unafika kabla jua halijawa kali. Lakini orkestra nayo ilikuwa ya kampani, na jioni zote zilikuwa za mazoezi. Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya kufyeka na kufagia mji. Jumapili kulikuwa na mgeni wa kupokelewa uwanja wa ndege, au sikukuu ya chama, au mkubwa fulani amekufa na anataka kuzikwa na muziki. Ningeacha kazi? Nyumba ilikuwa ya kampani, unga wa kampani, dawa za kampani. Hata sanduku la maiti lilikuwa la kampani. Mtu alitoka mikononi mwa kampani akiwa amelala ndani ya sanduku hilo.

Nilikuwa nimeomba kuhamishwa. Mkubwa wa ofisi ya wafanyakazi alinijibu vizuri, siwezi kumsema vibaya. Wakati ule hakuna aliyeitwa bwana tena, sote tulikuwa sitwayen.

"Sitwayen," aliniambia, "fashi yako Kipushi iko. Mumagazini ya kule banatafuta muntu. Orkestra ikikuachilia leo, mi natia saini leo."

Nafasi ya kazi, basi, ilikuwapo. Nikaenda kwa Shefu. Yeye naye hakunificha.

"Mi sina mucheza-kontrebasi mwingine," alisema. "Banataka sauti nene chini ya kwaya, banataka isikilikane mpaka kwenye viti vya wakubwa. Kontrebasi ikilia, unabaki. Ikinyamaza, uende na baraka yangu."

Basi kontrebasi ilikuwa imenyamaza. Nilimkumbusha neno lake siku ileile, huku nimeshika vipande viwili vya upinde. Akakuna kidevu.

"Piga na vidole kwanza."

Nikapiga. Hakusikiliza hata mstari mmoja.

"Acha, acha! Vidole ni ya bar. Wimbo ya chama haiwezi kuchezwa kama muntu anaita bia." Akafikiri. Kisha akasema mbele ya wote, na kwa hili namheshimu mpaka leo: "Sikilizeni. Tutatafuta arshe ingine. Mvua ya kwanza ikinyesha bila arshe ya kufaa, nitakamata kijana wa gitaa la umeme kule mtaa wa Kenya, na huyu atakwenda kwa bibi yake."

Tangu siku ile nilianza kuangalia mbingu kama mkulima wa Kasungami.

Pinde zilikuja tatu. Laiti ungekuja mmoja tu, mbovu.

Wa kwanza ulikuwa wa Baba Fundi, seremala wa mtaa uleule wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, mzee mwenye asili ya Maniema, aliyekuwa ameniunganishia ule wa zamani mara nyingi kwa gundi. Shefu alimwagiza bila kuniambia. Aliuchonga kwa mulombwa, ule mti wetu unaotoa utomvu mwekundu kama damu, akaupinda juu ya makaa, kidogo kidogo. Singa alizifuata kwenye zizi la farasi wa Wazungu. Mlinzi wa zizi alimshuku.

"Singa ni ya dawa gani, Baba?" alimuuliza.

"Dawa ya muziki."

"Ee. Na bachawi bote banasemaka vile."

Baba Fundi alinisimulia haya akicheka mpaka kofia yake ikaanguka kwenye takataka za randa. Alisema alitaka singa za farasi dume tu, maana jike hujikojolea mkia na singa zake hazishiki uzi vizuri. Mlinzi aliposikia mambo ya mikojo akazidi kuamini kuwa ni uchawi, akampa mkia wote aende zake. Bei ya upinde ule ilikuwa kama mfuko wa unga na shati.

Mbili nyingine zililetwa na injinia wa Kizungu aliyekuwa anarudi kutoka likizo Ulaya. Duka la kule lilimpa azilete zijaribiwe, mmoja ununuliwe, mwingine urudishwe. Mmoja ulikuwa wa mti wa Brezili, mwekundu unaokaribia weusi, na kisigino chake, pale mkono unaposhika, kilikuwa cha mpingo na fedha. Niliambiwa bei yake ingenunua pikipiki. Wa pili haukuwa mti hata kidogo. Ulikuwa wa nyuzi za kioo zilizogandishwa, mweusi, unang'aa kama koti la mvua. Bei yake baiskeli mpya, na si baiskeli ya kujivunia.

Siku ya kuzijaribu iliwekwa. Mie ndiye niliyepaswa kuzijaribu, na mie ndiye niliyepaswa kusema, maana hakuna mwingine aliyejua kontrebasi. Nikisema hakuna hata mmoja unaofaa, basi hakuna.

Mke wangu alisikia habari, akapanda kamio, akafika na kapu la mihogo.

"Baba Mapasa," alisema kabla hajakaa, "ni neno moja tu. Sema 'haiko'. Nani atakukatalia? Beye bote habajue ata kuishika."

"Mama Mapasa, sijazijaribu bado."

"Juu ya nini uzijaribu? Sema tu."

"Labda moja ni nzuri."

Aliweka mikono kichwani. "Mungu wangu! Nimeolewa na mizani ya misumari!"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alimenya muhogo mmoja mpaka mwisho, ndipo akasema polepole:

"Unajua batoto bako banaita nani 'baba' sasa? Mulinzi wa hospitali."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu yeye anarudiaka kila siku."

Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kwenye ukumbi siku ya majaribio. Nilikuwa nimeamua. Njiani nilirudia kimoyomoyo: haiko, haiko, haiko. Mvua ilikuwa bado, lakini mawingu yalishaanza kukutana upande wa Kipushi, nikaona kama ni ishara.

Shefu na mkubwa wa ofisi ya wafanyakazi walikaa nyuma ya meza moja. Baba Fundi alikaa peke yake kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, kofia magotini, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa.

Nilianza na wake. Nilipaka singa kolofani, ule utomvu mkavu unaozifanya zishike uzi. Kolofani ya muziki ilikwisha zamani. Tulitumia ile ya mafundi umeme, ya kulehemu nyaya, tukaiyeyusha na nta kidogo ya nyuki ili ilainike. Nikavuta. Kwenye uzi mnene kabisa upinde wa mulombwa ulinguruma kama mkokoteni wenye mchanga, nao ulikuwa mngurumo mzuri. Juu kidogo ukaanza kukokota. Ncha ilikuwa nzito, na kabla sijamaliza wimbo kidole gumba kilikuwa kinatetemeka.

Nikachukua wa mti wa Brezili. Sijui niandikeje hapa. Sauti ilianza kabla sijajua kuwa nimeanza. Iliingia ukumbini kama mtu anayeingia bila kubisha kwa kuwa nyumba ni yake. Nilicheza polepole, kisha polepole zaidi, na sauti haikukatika. Miaka yote niliyosimama nyuma ya chombo kile nilidhani udhaifu ni wangu. Kumbe sehemu yake ilikuwa ya fimbo. Si yote, la. Sehemu.

Wa kioo ulinishangaza kwa namna nyingine. Sauti yake ilikuwa kama ya karani anayesoma majina: kila jina linasikika, hakuna linalopendwa. Lakini ulisikika. Ulifika kwenye meza na ulifika mpaka kwa Baba Fundi, na mkono haukuchoka.

"Sitwayen," alisema mkubwa wa ofisi, "kwa kifupi. Arshe yenye kufaa iko, ao haiko?"

Neno lilikuwa mdomoni. Nilihisi umbo lake kwenye ulimi. Nikamtazama Baba Fundi, ameshika kofia kwa mikono miwili kama mzazi kwenye korido ya hospitali. Nikifungua mdomo na kusema hakuna unaofaa, mti wake nao ningekuwa nimeutupa, na ule mngurumo, na mkia wa farasi. Na ule wa Brezili ningeusemaje? Ningemwita mwongo mtu asemaye kweli kuliko mimi?

Au labda najidanganya. Labda haikuwa haki hata kidogo. Labda sikio langu lilikuwa limekwisha kutekwa, na mtu aliyesikia sauti ile hakutaka tena kontrebasi inyamaze. Nimeipima hii mara nyingi, na sindano haisimami.

"Zinafaa," nilisema. "Zote. Si kwa namna moja."

Shefu akalegeza mabega. Nikaeleza wa mulombwa: nguvu kwenye uzi mnene, ncha nzito, mkono unachoka. Nikaeleza wa Brezili. Nikaeleza wa kioo. Niliongea kirefu, hata nikaona haya.

"Sawa," alisema mkubwa wa ofisi. "Sasa yenye kukaa miaka mingi hapa kwetu, ni gani?"

Hilo lilikuwa swali la magazini. Kila siku dirishani kwangu mafundi waliniuliza hivyo: bolti gani itakaa, mkanda gani utakaa. Nilijibu kama ninavyojibu dirishani, kabla kichwa hakijaamka.

"Ya kioo. Mti wowote, baridi kavu ya mwezi wa saba inakaza singa na kuuvuta kichwa, kisha mvua inaulegeza, mwaka kwa mwaka, mpaka ukatike kama ule wa kwanza. Hii ya kioo haina habari na mvua wala baridi. Hii haivunjike. Tena ni nusu ya bei ya ile ya Brezili, hata chini ya nusu."

"Njo ile," alisema mkubwa wa ofisi. "Tunakamata ile."

Alipokwisha kusimama ndipo nilipojisikia. Ule wa Brezili ungevunjika. Pengine baada ya viangazi vichache, lakini ungevunjika, na siku moja mlio ungesikika, na mie ningekwenda. Katika zote nilikuwa nimechagua mmoja tu ambao hautanifungulia mlango kamwe.

Baba Fundi alinifuata nje.

"Ncha ni nzito, kweli," alisema. "Nilijua. Nilitumaini weye hutajua."

"Unisamehe, Baba."

"Nikusamehe nini? Umesema haki." Akavaa kofia yake, akaiweka sawa. "Lakini mutoto wangu, we uko mujinga."

Mvua ya kwanza ilinyesha, na kijana wa gitaa hakuitwa. Fashi ya Kipushi ilipewa mwingine, mtu mzuri, nilimfahamu. Mke wangu alikuja Jumapili moja kukiwa na matope. Mapasa alikuwa amewaacha kwa jirani. Nilikuwa nimekwisha kumtumia habari kwa dereva wa kamio, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kumwambia. Aliuliza tu:

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Ulikuwa kwenye meza, umelegezwa singa kama inavyotakiwa. Aliuchukua. Mikono yake ilikuwa mikono ya mkunga, imevuta watu wengi duniani. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akauweka upinde juu ya goti, akashika ncha huku na kisigino huku, akabonyeza.

Sikumzuia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama mlangoni nikitazama, na nilikuwa upande wake.

Ulipinda. Ulipinda kama mpini mbichi wa jembe, ukapinda kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kupinda, mpaka ncha na kisigino vikakaribia kuonana chini ya goti lake. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Akasimama, akaukanyaga katikati, akauvuta kwa mikono miwili. Kisha akauachia. Ukarudi. Ukanyooka palepale mkononi mwake, mweusi, unang'aa, hauna hata mstari.

Akaufuta kwa kitenge chake, akaurudisha mezani mahali ulipokuwa, singa zikiangalia ukuta.

"Kumbe ulisema kweli," alisema.

Kisha akauliza kamio ya mchana inaondoka saa ngapi.