Siku Treni ya Ubundu Ilipowapita Kuku Wangu

Bon, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana mpaka leo kuna watu hapa Kisangani wakiniona sokoni wananiita Mama Treni, na mimi nageuka (nifanye nini?), halafu naona meno yao yote.

Mimi ni mtoto wa Yanonge, nimezaliwa kwenye samaki, nikaolewa katika familia ya Kiislamu ya watu wa biashara. Siku nilipomwambia mume wangu Amisi kwamba nataka kufuga kuku wa mayai, mama yake, bokilo wangu Mama Zaina, alisema mbele ya mashemeji wote, "Mutoto wa mutoni anajulia kuku wapi?" Nikaapa moyoni kwamba wote watakuja kuyaona mayai yangu.

Tunakaa ng'ambo ya mto, upande reli ya Ubundu inakoanzia. Amisi alinionyesha kiwanja kule juu, kikavu, chenye upepo mzuri, lakini kiko ndani ndani, sasa nani atakiona? Mimi nikapenda kingine, tambarare, kando kabisa ya reli, watu wanapita asubuhi na jioni.

"Na treni?" akaniuliza.

Nikacheka. Majani yalikuwa yamefunika vyuma, mbuzi walikuwa wanalala hapo. "Treni gani, papa? Ile ilishakufa."

Sikuuliza jirani hata mmoja.

Alors, kuku walipoanza kutaga nikaalika watu: bokilo, mashemeji, majirani, na shekhe wa kutuombea dua. Nikavaa kitenge kipya, nikasimama mbele ya banda, nikaanza kuhutubia kama mbunge. "Kuku inataka nini? Inataka kimya! Ndiyo maana nilichagua hapa. Musikilize!"

Wakasikiliza. Treni ikapiga honi.

Ardhi ikatetemeka, mbuzi wakaruka, na kuku wangu, ambao hawajawahi kusikia hata lori, wakakimbilia wote kwenye kona moja wakapandana kama magunia, wa chini wakakosa pumzi, wa juu wakasukuma wavu mpaka ukang'oka, wakamwagika nje, wakapita juu ya viti, wakapindua sufuria ya pondu, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, juu ya bokilo wangu (bokilo, jamani, si mtu mwingine!), na kwa kuwa treni yenyewe ilikwenda polepole kama mgonjwa, wengine wakarukia behewa la wazi, nami nikawafuata mbio, kitenge kinafunguka, nashukuru Mungu nilivaa sketi ndani.

"Mama, kuku zako zinaenda Ubundu bila tike!" abiria wakanipigia kelele.

Nyuma yangu shekhe alikuwa ameacha dua. "Kisu! Mulete kisu mbele zikufe!" Nyumbani kwetu kuku aliyekufa kwa kukosa pumzi haliwi, basi maskini mzee wa watu alipiga magoti bandani akiwachinja wa chini kabla hawajakata roho, bismillahi juu ya bismillahi, kanzu nyeupe imegeuka rangi.

Abiria wale, Mungu awabariki, walinirudishia kuku wangu wakiwarusha kutoka juu, mmoja mmoja, nami nadaka.

Treni ilipokwisha kupita (kumbe majirani wote walijua hupita mara moja kwa miezi kadhaa!) nilitamani kuufuata mto mpaka Yanonge nisirudi tena. Lakini nikarudi mbele ya wageni, nywele zimejaa manyoya, nikasema, "Donc, hapa haiko pahali pa kuku. Tutahamia kule juu, na mutakuja tena."

Halafu Mama Zaina, pondu inamtiririka shingoni, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. "Amisi," akasema, "huyu muke, usimuache."

Kwa hofu ile kuku waligoma kutaga muda mrefu. Tulibeba mbao na mabati wenyewe mpaka juu, na Amisi hakuniambia "nilikuambia" (sawa, aliniambia, lakini kwa sauti ndogo). Leo mayai yangu yanavuka mto kila asubuhi, yanapanda toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, kwenda Makiso katikati ya mji, na mtu akitaka mahali pa kufugia ananiita mimi, Mutoto wa mutoni, nikamwangalizie maji, upepo na kelele.

Kiburi bado ninacho, mbona nikifiche? Ila nimeapa sitachagua tena mahali ili watu wapaone. Kuku hakuomba kuonekana. Ni mimi niliyetaka.